Kulwa, Kurwa na T ya Ziada

Mapacha wakizaliwa Mwanhuzi, wilayani Meatu, wazazi hawakeshi wakitafuta majina. Usukumani anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na atakayezaliwa baada yao ni Shija, hata kama mama ameapa kwamba hazai tena. Utaratibu huu umeepusha ugomvi mwingi wa koo, mpaka kalamu inaposhikwa. Kulwa au Kurwa? Doto au Dotto? Msimamo wangu ni mmoja: jina liandikwe kama bibi yake mtoto anavyolitamka. Kisukuma hakina r, na bibi wa Meatu wa kuita “Kurwa!” uani bado hajazaliwa. Hiyo r imeletwa na watu waliochekwa mno kwa kuchanganya l na r, wakaamua kusahihisha hata palipokuwa sahihi.

Hasara yake haionekani mapema. Chini ya mpango wa RITA, wakala wa usajili, mtoto wa umri wa chini ya miaka mitano hupata cheti cha kuzaliwa bila malipo, kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata. Lakini herufi ni za bure siku hiyo tu. Cheti kikisema Kulwa, daftari la darasa la kwanza likasema Kurwa, Baraza la Mitihani litafuata daftari, na miaka kumi na kitu baadaye kijana anafika NIDA kuomba kitambulisho cha taifa akiwa watu wawili. Inabidi aende kwa wakili, alipie mhuri, aape kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Doto wa watu amebaki nyumbani anajiuliza huyu pacha wa tatu alizaliwa saa ngapi.

Wapo watakaonipinga kwamba Dotto Biteko alikuwa na t mbili na bado akateuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023. Ni kweli, ila Doto James naye alikuwa Katibu Mkuu Wizara ya Fedha kwa t moja. Basi t ya pili haileti cheo wala haikizuii, kazi yake ni kumfanya mwenye jina aulizwe “ngapi?” kwenye kila dirisha. Wengine watasema akina Doto ni wengi, herufi ya ziada inawatofautisha. Hiyo ni kazi ya jina la baba na la babu, ndiyo maana fomu zinadai majina matatu. Hoja ngumu ni ya jina kama Ng'wandu, maana kompyuta nyingine zikiona ile ritifaa huigomea. Hapo kanuni yangu inachechemea, nami nakubali: mzazi achague umbo moja siku ya kwanza, hata likiwa bila ritifaa, na karatasi zote zifuate hilo. Aliandike kwa herufi kubwa kabla ya kwenda kituoni, na karatasi hiyo asikabidhiwe shangazi aliyerudi juzi kutoka Dar es Salaam. Huyo atairudisha ikiwa na h.