Afande Msokoto Aajiriwe

Kwa Waheshimiwa Wabunge,
Nairobi.

Salamu nyingi kutoka Lodwar, ambako jua ni lile lile na mifuko yetu bado inapekuliwa.

Najua mna shughuli nyingi na bangi si mojawapo. Mbunge mwenzenu marehemu Ken Okoth alitaka mswada wa kuihalalisha mwaka 2018. Akafariki 2019, na mswada hatukuuona tena. Wajackoyah naye alizunguka nchi mwaka 2022 akiwania urais na kuahidi kulipa deni la taifa kwa bangi. Tukacheka, akapata kura 61,969, nasi tukabaki na deni na sheria. Afrika Kusini mahakama iliamua 2018 kwamba mtu mzima anayeivuta faraghani si mhalifu, Malawi ikaruhusu kilimo chake kwa dawa na viwanda mwaka 2020. Hayo ni ya wenye haraka. Mimi sivuti, moshi wa makaa unanitosha. Lakini kwa maoni yangu heri ihalalishwe leo kuliko kuendelea na sheria yenu ya dawa za kulevya ya 1994, ambayo huku kwetu haikamati bangi. Inakamata mifuko.

Barabara ya Lodwar kwenda Kakuma mnaijua, angalau kutoka hewani. Kuna kizuizi kimoja, sikitaji, ambapo Probox husimamishwa, vijana wakaambiwa washuke. Kofia zivuliwe, viatu vivuliwe, juu ya mchanga unaochoma. Mkono wa afande huingia kwenye mfuko mtupu ukatoka na msokoto. Kule Kana angalau maji yalihitajika.

Msokoto wenyewe tunaujua kwa sura. Umefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, ile ya miraba, imegeuka rangi ya chai kwa joto, na ncha moja imebonyea. Umekutwa kwa mwanafunzi, kwa mtu wa boda boda, kwa mkimbizi ambaye kibali chake cha kusafiri kilikuwa na muhuri safi kabisa, na siku moja hata kwa mzee asiyejua ila tumbako ya kutafuna.

Kwa utumishi huo, naomba aajiriwe rasmi. Afande Msokoto apewe namba ya kazi na kitambulisho, apigwe picha upande wa ncha isiyobonyea. Alipwe marupurupu ya mazingira magumu kama watumishi wengine walioko Turkana, maana anashinda ndani ya suruali yenye jasho. Apewe likizo ya mwaka. Tangu nimjue hajapumzika. Apandishwe cheo, kwani kwa idadi ya washukiwa aliowatia mbaroni sijui ni inspekta gani anayemfikia. Na kwa kuwa haifai mtumishi wa umma kukaa kituo kimoja miaka yote, ahamishiwe Karen au Runda akaonje mifuko ya suti. Hofu yangu ni kwamba kule atakosa kazi, maana magari yao vioo ni vyeusi na hayashushi abiria. Akistaafu apewe pensheni, na Siku ya Jamhuri avishwe nishani. Pini iingizwe polepole, asije akamwagika.

Maombi mengine ni madogo. Bei ibandikwe kizuizini, kwa sababu Krismasi ikikaribia hupanda. Malipo yawe kwa M-Pesa ili tupate ujumbe wa kuthibitisha. Sare za shule zishonwe bila mifuko.

Na mkiweza, mtusamehe Ijumaa. Katiba, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Hiyo sehemu ya pili maafande wameihifadhi. Kijana akikamatwa Ijumaa jioni, Jumamosi hakuna hakimu, Jumapili hakuna hakimu, kuna mama yake tu, amekaa nje ya kituo na bakuli la chakula. Jirani yangu aliuza mbuzi wawili kabla Jumatatu haijafika. Mbuzi wawili, baada ya ukame kumaliza karibu zizi lote, kwa majani ambayo mwanawe hakuwahi kuyashika! Angengoja Mkemia wa Serikali aseme kama ni bangi au ni majani ya mathenge, kijana angeozea ndani. Nanyi mnajua. Mnajua, na kila baada ya miaka mitano mnakuja hapa uwanjani kucheza ngoma nasi.

Samahani, Waheshimiwa. Joto.

Nilikuwa nasema, miraa inapita kizuizi hicho hicho, tena hupishwa isije ikanyauka. Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka 2014 viongozi wetu walilia kama waliofiwa, na 2016 mkaiandika kwenye sheria kuwa zao. Chang'aa nayo mliihalalisha 2010, mradi tu itiwe kwenye chupa. Sioni wivu. Nauliza tu kama mfuko wangu nao unaweza kuhalalishwa.

Jibu nipeni kwa simu. Bahasha ikipita njia hii hufika na kitu ambacho mwandishi hakukiweka ndani.

Wenu mtiifu,
Abiria wa kiti cha nyuma,
Lodwar.