Yah: Pongezi kwa Kubana Wino

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina faili la bibi yangu mkononi. Mahali pa kuandika ugonjwa pana neno moja tu: "Macho." Hongereni. Wenzenu wanajichosha kutaja jicho la kulia au la kushoto, 6/60 au kuhesabu vidole kwa mita moja. Ninyi mmeshatambua kwamba mwenye macho anajua lipi bovu, hata akiwa kalala kwenye meza ya upasuaji.

Ubao wa herufi E wa kupimia macho mnao, nimeuona. Umetundikwa nyuma ya mlango ambao kutwa nzima uko wazi, kwa hiyo hauchakai.

Kwenye fomu ya bima mkajaza msimbo wa ugonjwa H54.9, yaani ulemavu wa kuona usiobainishwa. Shirika la Afya Duniani lilijisumbua bure kutenga H54.0 kwa upofu wa macho yote mawili na H54.4 kwa upofu wa jicho moja, likaweka na mpaka: chini ya 3/60 ndiyo upofu. Maana yake, kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60, huyu hakioni hata akisogea hadi mita 3. Hesabu zote hizo za nini? Bibi haoni, basi.

Chanzo nacho mmekiacha. Mtoto wa jicho wa uzeeni ni H25, presha ya jicho ni H40. Wa kwanza anatolewa kwa upasuaji, na wengi huona tena. Presha ya jicho ikishaua mshipa wa fahamu, kilichopotea ndiyo kimekwenda. Dawa hulinda kilichobaki tu. Kwenye daftari lenu la takwimu la MTUHA yote mawili yamelala kitanda kimoja. Mpanga bajeti akiuliza wilaya inahitaji lenzi ngapi za upasuaji mwakani, mtamjibu: macho ni mengi.

Watu wa bima, kwa wivu wao, wamerudisha madai: "Maelezo hayatoshi." Bibi akauliza, "Kwani hawaamini kwamba sioni?" Nikamwambia wanaamini, ila hawajui kiasi gani.

Anarudi kliniki Jumanne. Naomba aandikiwe ni jicho lipi, linaona kwa kipimo gani bila miwani na kwa miwani, na ni ugonjwa gani unaomnyima kuona. Mlango nitaufunga mimi. Kalamu pia nitakuja nayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjukuu anayemshika bibi mkono