Moduli Hii Haiuzwi

Maandishi mekundu yaliyotokea ukutani yalikuwa makubwa kuliko kichwa cha aliyeyasababisha. Projekta ya ukumbi ule wa Kijitonyama, ambayo siku zote hufifiza kila inachoonyesha, jioni hiyo ilipata nguvu za ajabu: jina ulilochagua linafanana mno na la mradi uliopo. Mwandishi wa ukurasa huu alikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja, na mkono wa pili bado uko juu, mkao wa mtu anayesubiri makofi. Makofi hayakuja. Kutoka viti vya nyuma ilikuja sauti ya kijana wa chuo, yenye huruma inayouma kuliko kicheko: “Pole, kaka. Weka mbili mwishoni, itapita.”

Moduli yenyewe, kipande cha msimbo alichotaka kukisajili ili wengine wakitumie, ilikuwa kazi ya halali. Mtu akiandika “saa mbili na robo asubuhi”, inaiambia kompyuta 08:15. Kompyuta ikisema 19:00, inamrudishia mtu saa moja usiku, saa ya watu wenye akili zao. Iliitwa saa-moja. Fulana zilikuwa zimeshachapishwa Kariakoo, jina kifuani, kistari katikati, na fundi wa Kariakoo harudishi pesa ya mtu kwa sababu ya kistari.

Kumbe kistari ndicho kilicholeta balaa. Ghala la moduli lililomkatalia (halitatajwa, maana bado analihitaji) lilikuwa na kitu kinachoitwa saamoja, bila kistari, kimepakiwa mara moja mwaka 2014 na hakijaguswa tena. Ndani mna faili moja. Ndani ya faili mna sentensi moja, inayoahidi kwamba maelezo yatafuata hivi karibuni.

Mgeni wa mambo haya atauliza kistari kimoja kina uzito gani. Kwa maghala makubwa, hakina uzito wowote, na hilo ndilo tatizo. PyPI, ghala la lugha ya Python, huhesabu kistari, nukta na mstari wa chini kuwa kitu kimoja, na herufi kubwa na ndogo kuwa kitu kimoja. Jina jipya likifika mlangoni, huchujwa zaidi: alama hizo zinafutwa kabisa, herufi i na l zinageuzwa kuwa tarakimu 1, o inageuzwa sifuri, kisha kinachobaki kinalinganishwa na majina yote yaliyotangulia yakiwa yamepitishwa kwenye chujio lilelile. Yaani kwa jicho la mashine hiyo, kalamu na kaiamu ni pacha. npm, ghala la JavaScript, nalo tangu 2017 hukataa jina jipya ambalo likivuliwa alama zake linabaki sawa na la mwingine.

Ukali huo haukuzuka hivihivi. Mwaka huohuo 2017 npm iligundua moduli iitwayo crossenv, iliyojifanya ni cross-env, moduli maarufu na ya kweli. Aliyesahau kistari alipata kila alichokitarajia, kazi ikaenda vizuri, huku vigezo vya mazingira ya kompyuta yake, mahali ambapo watu huweka nywila na funguo za huduma, vikisafirishwa kwa mtu asiyemjua. Basi mtu aliyekataliwa Kijitonyama amekataliwa kwa sababu nzuri. Hilo halipunguzi joto la masikio.

Na ukishalipata jina, usidhani ndilo utakaloliita. Kwenye Python unasakinisha Pillow lakini ndani ya msimbo unaandika PIL. Unasakinisha beautifulsoup4, unaita bs4. Opencv-python inageuka cv2. PyYAML inakuwa yaml. Kila moja ina historia yake, na hakuna inayomsaidia anayeanza kujifunza saa tano usiku.

Wakongwe wa lugha ya Perl walikuwa na adabu zaidi. CPAN, ghala lao lililofunguliwa mwaka 1995, lina desturi ya mtu kuuliza wenzake kwanza kabla ya kujipachikia jina. Majina yenyewe yana ukoo: moduli ya mambo ya tarehe hukaa chini ya DateTime, ya mitandao chini ya Net, na utani umepewa ukoo wake rasmi uitwao Acme, ambamo Damian Conway aliweka Acme::Bleach, moduli inayoibadili programu yako kuwa nafasi tupu zisizoonekana, na programu ikaendelea kufanya kazi. Wa kwanza kupakia jina ndiye mwenye haki nalo. Anaweza kuwaongeza watunzaji wenza, au kuihamisha haki yote kwa mwingine.

Lakini kinachomvutia mwandishi kuliko vyote ni watu watatu wasiokuwepo. Kwenye orodha ya haki za CPAN utakuta akaunti ziitwazo NEEDHELP, HANDOFF na ADOPTME. Hazina nyuso. Mwenye moduli aliyeelemewa humwandikisha NEEDHELP kuwa mtunzaji mwenza, na kila mpitanjia akajua kwamba hapa msaada unahitajika. Aliyechoka kabisa huandikisha HANDOFF. ADOPTME huwekwa na wasimamizi wa ghala pale mwenyewe asipopatikana tena, pamoja na pale alipofariki. Ni mirathi ya msimbo, iliyopangwa bila wakili na bila shangazi wa kugombea kabati.

Ghala la saa-moja halina akaunti kama hizo. Lina fomu. Mwandishi alimwandikia kwanza mwenye saamoja kwa anwani iliyoachwa pale, na barua ikarudi na taarifa kwamba sanduku hilo halipo. Akatafuta ukurasa wa mradi. Kikoa kimenunuliwa na wauza dawa za nguvu za kiume. Jina lile lilikuwa kiwanja chenye ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu HAKIUZWI, OGOPA MATAPELI, majani yamefika kiunoni na mwenyewe hajulikani yuko Muscat au yuko kaburini.

PyPI walau wana waraka wa mambo haya, PEP 541. Unasema mradi uliotelekezwa ni ule ambao mwenyewe hapatikani, haujatoa toleo kwa miezi 12, na mwenyewe haonekani akifanya lolote kwenye ukurasa wake. Wasimamizi hujaribu kumtafuta angalau mara tatu ndani ya wiki sita. Moduli tupu iliyowekwa ili kushikilia jina huhesabiwa batili. Ni waraka wenye busara, na kazi ya kuutekeleza inawaangukia watu wachache. Kwingineko jibu huwa fupi: wa kwanza ni wa kwanza.

Hapa ndipo utani unapomkauka mwandishi. Jina tupu linalindwa kwa chujio, waraka na fomu. Moduli hai, inayotumiwa na mamilioni, inahama mikono kwa barua pepe moja. Mwaka 2018 Dominic Tarr, mwenye event-stream, aliandikiwa na mtu asiyemfahamu aliyetaka kuitunza. Akampa. Moduli hiyo ilikuwa ikipakuliwa karibu mara milioni 2 kwa wiki, na mtunzaji mpya akaichomekea nyingine, flatmap-stream, iliyobeba msimbo wa kuiba sarafu za bitcoin kutoka pochi ya Copay. Watu walimshukia Tarr. Yeye akaeleza kwamba hapati chochote kwa kuitunza na ameacha kuitumia miaka mingi.

Na ni nani wa kumjibu? Kampuni zilizojenga biashara zao juu ya kazi yake ya bure hazikumwandikia hata salamu mpaka siku kilipoharibika kitu. Mtu amebeba mzigo wa wengine miaka yote bila senti, anapoutua anaulizwa kwa nini hakumpekua aliyejitolea kuupokea. Ampekue kwa mshahara gani?

Kisa cha Tarr si cha kwanza wala cha mwisho kuonyesha jinsi kila kitu kinavyowategemea watunzaji wachache. Azer Koçulu alipoona npm wameipa kampuni ya Kik jina la moduli yake mwaka 2016, aliondoa moduli zake zote, na left-pad yenye mistari 11 ikaondoka na nusu ya usingizi wa watengeneza tovuti duniani. Mlango wa nyuma uliowekwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, na mtunzaji mpya mwenye subira ya miaka, uligunduliwa 2024 kwa sababu mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde.

Moduli ya mwandishi ilisajiliwa hatimaye kwa jina refu ambalo hakuna mtu atakayelikosea, kwa kuwa hakuna mtu atakayeliandika. Imepata mtumiaji mmoja, wa mbali. Ameandika kulalamika kwamba saa zote zinapishana kwa saa sita, ameambatanisha marekebisho, na kwa kuwa hajajibiwa tangu jana, anaomba aongezwe kwenye orodha ya watunzaji.