Jinsi ya Kuwaletea Watu wa Nakuru Kivinjari Ambacho Hawakuagiza

Hongera. Umeitazama dunia yenye Chrome, Safari, Edge, Firefox, Opera, Brave, Vivaldi, DuckDuckGo, UC na Phoenix, ukaona kinachokosekana ni kivinjari. Umeamua pia kuanzia Nakuru, na hapo umepiga hesabu vizuri. Kodi ya ofisi Milimani haijafikia ya Westlands kule Nairobi, vyuo vya Egerton na Kabarak viko jirani na vijana wa kuandika msimbo, na tangu tarehe 1 Desemba 2021 mji wetu una hadhi ya jiji. Jiji lisilo na kampuni changa ya teknolojia ni stendi kubwa yenye hati ya rais. Fuata maelekezo haya kwa mpangilio, ama uyaruke utakavyo. Matokeo hayatatofautiana sana.

La kwanza ni kutojenga chochote. Ndani ya kila kivinjari mna injini, yaani ile sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuugeuza kuwa maandishi, picha na vitufe. Dunia nzima imebaki na injini tatu kubwa: Blink ya Google, WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla. Wapo wanaothubutu kuandika nyingine kuanzia mwanzo, kama wale wa mradi wa Ladybird waliounda shirika lisilo la faida mwaka 2024. Hao waombee, usiwafuate. Opera ya Norway ilikuwa na injini yake, Presto, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft, ambayo haijawahi kulala njaa, ilitangaza Desemba 2018 kwamba inaitupa ya kwake, na Januari 2020 ikatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, mradi ambao Google imeuweka wazi kwa yeyote kuuchukua bure tangu 2008. Basi uchukue na wewe. Nenda pale stendi uangalie matatu za Njoro: nyingi ni Toyota zile zile, ila moja ina michoro ya mwanamuziki, nyingine aya ya Biblia, nyingine spika zinazotikisa meno ya abiria. Hakuna abiria aliyewahi kuuliza habari za injini kabla ya kupanda.

Kazi yako, kwa hiyo, ni rangi. Viringisha pembe za madirisha. Hamisha vichupo kutoka juu hadi kando, kisha uitishe waandishi wa habari kuja kuona vilivyohamia. Weka hali ya usiku, ambayo kila mtu anayo, na uiite falsafa.

Jina tafuta la mnyama au ndege, kwa kuwa Firefox, Brave na simba wake, na Phoenix wameshaonyesha njia. Utashawishika kutumia Flamingo, maana ndiye aliyeitangaza Nakuru kwenye kalenda za watalii. Kabla ya kuchapisha fulana, kumbuka kwamba maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda mwongo uliopita na kupunguza chumvi, ule mwani wanaoula flamingo ulipungua, na ndege kwa maelfu wakahamia Ziwa Bogoria. Mshindani wako hatakosa kuligusia hilo.

Sasa ifundishe programu yako kudanganya. Kivinjari kinapobisha hodi kwenye tovuti, hutakiwa kujitambulisha kwa mstari mmoja wa maandishi. Mstari wa Chrome huanza kwa kusema kwamba yenyewe ni Mozilla, kisha kwamba ni AppleWebKit, kisha KHTML, tena iliyo kama Gecko, ndipo inapotaja Chrome, halafu inamalizia kwa kudai kuwa Safari. Usicheke, mambo yana asili yake. Katikati ya miaka ya 1990 tovuti nyingi zilitoa kurasa nzuri kwa Netscape peke yake, ambayo jina lake la ndani lilikuwa Mozilla. Internet Explorer ilipoingia sokoni mwaka 1995 iliogopa kuachwa nje, ikasema nayo ni Mozilla. Waliokuja nyuma yake wakaazima majina ya waliowatangulia, kila mmoja akiongeza lake mwishoni. Netscape yenyewe ilizikwa rasmi Machi 2008, lakini jina la ukoo wake bado linatajwa kwenye kila mlango wa intaneti, mabilioni ya mara kwa siku. Libandike la kwako nyuma ya foleni hiyo. Hakuna atakayelisoma.

Kuhusu pesa, swali hilo liahirishe kadiri uwezavyo. Kivinjari hakiuziki. Opera ilijaribu kutoza watumiaji, ama wavumilie matangazo, hadi Septemba 2005 ilipokata tamaa na kukitoa bure. Kinachouzwa ni kile kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa. Google huwalipa wenye vivinjari ili injini yake ya utafutaji ndiyo iwe imekaa pale mteja akiwasha. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google ilifichuka kwamba mwaka 2022 peke yake Apple ililipwa dola bilioni 20 kwa nafasi hiyo. Mozilla, inayojitangaza kuwa mtetezi wa intaneti huru dhidi ya wakubwa, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka kwa Google hiyo hiyo. Kwa lugha ya mtaani, mpinzani mkuu wa tajiri yuko kwenye orodha ya mishahara ya tajiri. Usione haya kujaza fomu ya maombi.

Tukija sokoni kwenyewe, hapa ndipo waanzilishi wengi huvunjika mguu, kwa sababu wamekuja wakiamini kwamba watu huchagua kivinjari.

Keti nusu siku katika saiba yoyote ya maeneo ya Gate House, ikiwezekana tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa mamlaka ya mapato, KRA. Foleni imetoka hadi barazani. Yuko mwalimu kutoka Lanet, yuko kijana wa boda, yuko mzee wa Bahati aliyeacha ng'ombe hawajakamuliwa. Sikiliza.

"Dada, nifungulie Google nifanye ile ya KRA."

"PIN uko nayo, mzee?"

"Iko hapa kwa karatasi."

"Na pasiwadi?"

"Si hiyo ulinipea wewe mwaka jana?"

Umeona ukubwa wa soko lako? Mzee huyu ametumia intaneti ya serikali miaka kadhaa bila kugusa kivinjari. Dada anayekaa nyuma ya kaunta, aliyezungukwa na printa, mashine ya kulamineti na kompyuta za eks-UK, ndiye aliyemfungulia barua pepe, akamtungia pasiwadi na kuiandika kwenye daftari lenye jalada la bluu. Ndiye pia anayewajazia wanafunzi fomu za mkopo wa masomo za HELB na za nafasi za vyuo za KUCCPS, na anayekumbuka ni wapi pa kubonyeza kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen baada ya kulipa kwa paybill 222222. Hatakisakinisha kivinjari chako. Ana sababu nzuri kuliko zote ulizoandika katika mpango wako wa biashara: risiti isipotoka, mzee hatakilaumu kivinjari, atamlaumu yeye mbele ya foleni. Ukitaka Nakuru, huyu ndiye wa kushawishi kabla ya gavana na kabla ya mwekezaji yeyote wa Nairobi. Mpelekee toneri badala ya fulana.

Kwenye simu hali ni mbaya zaidi. Chrome ilishaingia kabla boksi halijafunguliwa. Kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na itel utaikuta pia Phoenix, kivinjari cha Transsion, kampuni inayotengeneza simu hizo zenyewe. Ukiwa na kiwanda cha simu huhitaji kumwomba mtu nafasi kwenye kioo. Nafasi iliyosalia imejaa video za harusi, maombi ya asubuhi na klipu za kisiasa ambazo hakuna anayekumbuka zilitumwa na nani. Mwenye simu akiona arifa kwamba hifadhi imejaa, cha kwanza kufutwa ni kile asichokumbuka kukiweka. Hicho ni chako. Na kijana wa Kaptembwo akibonyeza kiungo ndani ya Facebook au TikTok, ukurasa hufunguka humo humo ndani, wala hajui kwamba ametoka au ameingia popote.

Utaniuliza: je, hakuna mgeni aliyewahi kufaulu? Yupo, na kisa chake ukikariri. Opera Mini ilisambazwa duniani kote Januari 2006, wakati nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa bado hazijafika pwani ya Mombasa; zilifika 2009. Intaneti ilikuja kwa setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Opera Mini ilikubali kukaa ndani ya simu ndogo za Java, zile Nokia zenye vitufe na kioo cha ukubwa wa kibiriti. Ukurasa haukuja moja kwa moja kwenye simu. Ulipitia kwanza kwenye seva za Opera, zikaukamua picha na mapambo, ndipo ukatumwa ukiwa umepunguzwa uzito kwa hadi asilimia 90. Mwanafunzi aliyepanga chumba Njoro aliweza kusoma habari, kuingia Facebook na kutafuta majibu ya kazi ya nyumbani kwa kredo ya shilingi chache. Hakuna aliyeipenda kwa ajili ya nembo yake nyekundu. Iliokoa pesa, na ilifanya hivyo mchana kweupe, mwenye simu akitazama salio lake.

Kwa maoni yangu huo ndio uvumbuzi pekee wa kivinjari ambao Bonde la Ufa limewahi kuuhisi mfukoni. Wewe, bila shaka, hutaurudia, kwa kuwa hauna mvuto kwenye slaidi. Soma badala yake sura ya pili. Mwaka 2016 biashara ya vivinjari vya Opera ilinunuliwa na muungano wa makampuni ya Uchina. Mwaka 2018 kampuni hiyo iliyotusaidia kubana bando ilileta Kenya OKash, programu ya kukopesha pesa kwa simu. Januari 2020 kampuni ya utafiti ya Hindenburg ya Marekani ilichapisha ripoti ikizishutumu programu zake za mikopo barani Afrika kwa riba kali na muda mfupi wa kulipa uliokiuka masharti ya duka la Google. Opera ilizikanusha tuhuma hizo. Mwongozo huu hauhukumu, unachora ramani tu: mwokolee mteja shilingi, jenga imani miaka kumi, kisha mkopeshe shilingi hiyo hiyo. Ila ukiazimia njia hiyo, jua kwamba tangu kanuni za Machi 2022 mkopeshaji wa simu anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na benki hiyo haivutiwi na pembe zilizoviringishwa.

Imebaki akili unde. Mwaka 2025 ndio uliokuwa msimu wake: Perplexity ilitoa kivinjari cha Comet mwezi Julai, OpenAI ikatoa Atlas mwezi Oktoba, ikianza na kompyuta za Mac, ambazo pale saiba unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono uliofungwa ngumi. Ahadi ni kwamba kivinjari kitakusomea, kitakubonyezea, kitakujazia fomu. Tangaza na wewe kwamba chako kitajaza ritani za KRA. Usieleze kwa kirefu. Wasije wakakumbuka ile fomu ya Exceli yenye makro inayogoma hadi mtu aiwezeshe, au wakauliza nani ataitwa Times Tower, makao makuu ya KRA, msaidizi wako akiandika kwa kujiamini kwamba mama mboga wa Wakulima Market alipata mapato kutoka ng'ambo. Zaidi ya hayo, mtu wa kumpa pasiwadi yako, kuketi pembeni na kumtazama akikujazia fomu, Nakuru tayari tunaye. Anatoza kidogo, na ukimuuliza jambo asilolijua anakwambia hajui.

Ikifika mahali wawekezaji wanauliza mipango ya baadaye, usitaje kufunga. Iga Perplexity. Agosti 2025 ilitoa ofa ya dola bilioni 34.5 kuinunua Chrome, kiasi kilichozidi thamani iliyokadiriwa ya Perplexity yenyewe. Wakati huo jaji wa kesi ile ya Marekani, Amit Mehta, aliyekwishaamua mwaka 2024 kwamba Google inahodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, alikuwa akitafakari kama ailazimishe kuiuza Chrome. Alitoa jibu tarehe 2 Septemba 2025, miaka 17 kamili tangu Chrome izinduliwe: haiuzwi. Ofa ikafa, ila kwa wiki tatu hivi jina la Perplexity lilitajwa kila mahali sambamba na la Google, na gharama yake ilikuwa barua.

Barua hata wewe unaiweza. Itunge usiku, itie kwenye flashi, na asubuhi uipeleke Gate House. Dada atakuchapia kwa shilingi kumi ukurasa. Ataifungulia kwenye Chrome.