Namna ya Kuikosa Penalti Kati ya Korogwe na Handeni

Anza na gari. Toyota iliyotumika Japani ndiyo itakayokufaa, maana redio yake ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Osaka. Nyingi zinaanzia 76 na kuishia 90, wakati FM yetu inaanzia 87.5 hadi 108. Ukiitoa bandarini Dar es Salaam utaipata Clouds kwenye 88.5 na kudhani mambo yamenyooka. Vituo vilivyo juu ya 90 vitaendelea na maisha yao bila wewe.

Ukichoka, nenda kwa fundi akufungie ekspanda. Kidude hicho hushusha masafa, tuseme kwa megahezi 14, ili kituo cha 102 kijitokeze kwenye 88 ya redio yako. Tangu siku hiyo utakuwa unapiga hesabu za kutoa huku unakwepa lori la mkonge. Na kama eneo hilo lina kituo chenye nguvu ambacho 88 ni yake halali, kitapenya na kumkalia mgeni kichwani, usikilize bei za mahindi badala ya taarabu. Fundi mwenye huruma atakushauri ununue redio ya masafa yetu, yaishe. Huyo mkimbie.

Antena nayo ina utaalamu wake. Kwenye magari mengi ya Kijapani si fimbo, ni nyuzi nyembamba zilizochorwa kwenye kioo, zikisaidiwa na kikuza mawimbi kinachohitaji umeme. Siku ya kubadilisha redio, hakikisha waya wake wa umeme, ambao mara nyingi ni wa bluu, unaachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi. Kisha bandika tinti yenye chembe za chuma juu ya nyuzi hizo. Gari litapendeza.

Sasa chomeka chaja ya simu, ile ya bei ya kutupa. Ndani yake umeme huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mara huvuja mikwaruzo inayoingia redioni. Ukiichomoa na mikwaruzo ikakoma, utakuwa umemjua mchawi; kwa hiyo usiichomoe. Ukisikia mlio unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, huo unatoka kwenye altaneta. Ongeza sauti.

Safari yenyewe ianze Korogwe, jioni ya mechi ya Simba na Yanga. Mji umekaa chini ya Usambara, na mawimbi ya FM husafiri karibu kama macho yaonavyo: mnara ulio nyuma ya mlima umejificha, na kinachokufikia kimeshagonga majabali njiani. Wimbi la moja kwa moja na lile lililogonga mlima hukutana kwenye antena yako, mara yakisaidiana, mara yakiuana. Wimbi la FM lina urefu wa kama mita tatu, ndiyo maana ukisimama mahali pakafa sauti, kusogeza gari hatua moja tu huweza kuirudisha. Wewe baki papo hapo, ipige redio kofi.

Ukielekea Handeni utafika mahali ambapo vituo viwili vya mbali vinagombea namba moja. Hapa FM haina adabu ya kuchanganya. Humshika mwenye nguvu na kumnyamazisha mwenzake kabisa, na wakilingana, hupokezana kila kona. Mwamuzi ataonyesha kidole kwenye nukta, mpigaji ataweka mpira, atarudi nyuma hatua kadhaa, atakimbia... na kwaya ya vijana itaingia na ubeti wa tatu. Abiria wa nyuma atasema, "Haleluya." Mwingine atauliza nani kafunga. Mama aliyebeba kuku atakwambia, "Mwanangu, izime hiyo, kichwa kinaniuma," naye ndiye pekee mwenye hoja.

Usizime. Wakati wa kulaumu umefika. Lawama ya kwanza wapelekee TCRA kwa kugawa masafa, ya pili waganga, kwa kuwa Handeni imezoea kusingiziwa. Chaja isiguswe.

Stendi ya Handeni muulize bodaboda matokeo. Yeye kasikiliza mechi nzima kwenye simu ya kitochi, waya wa earphone ukiwa ndiyo antena yake. Atakutajia magoli mkishapatana nauli.