Umati na Viwiko Vyake

Katika magazeti na taarifa za redio nchini Kenya, umati wa watu haufiki mahali peke yake: hufurika uwanjani, humiminika barabarani, hujaa pomoni, na ukimkamata mwizi ni sharti uwe "wenye ghadhabu". Maneno hayo yaliyozoea kuandamana, hata moja likitajwa jingine lishajulikana, huwafaa wanaoutazama umati kutoka jukwaani. Lakini mkazi wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, ambaye kila jioni yumo ndani yake na kiwiko cha mwenzake kimo ubavuni mwake, huutambua kwa hasara unayomtia.

Umati mkubwa kuliko yote iliyowahi kutajwa Kibera ulikuwa wa kwenye karatasi. Kwa miaka mingi wafadhili na waandishi walirudia kwamba mtaa huo, ulioanza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, una watu milioni moja, na idadi hiyo ikazoeleka mpaka ikawa kama jina la pili la mtaa. Sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu watu 170,070, zaidi ya laki nane wakawa wamehama kwa mpigo mmoja pasipo jirani kusikia mlango ukifungwa. Wapo walioipinga hesabu hiyo. Ila aliyekuwa akipanga foleni ya choo cha kulipia huko Laini Saba hakuona foleni ikipungua hata kwa mtu mmoja.

Upo pia umati wa kamukunji, yaani mkutano wa hadhara, hasa wa siasa, uliopata jina lake kutokana na uwanja wa Nairobi. Mheshimiwa huuhesabu kwa maelfu, na mfuasi wake huuhesabu kwa ndara, kwani si ajabu mtu kurejea nyumbani na ndara mbili ambazo zote ni za mguu wa kushoto.

Ama umati wenye ghadhabu, huo hauna mwanachama: kila aliyeulizwa alikuwa akipita tu. Kwa sababu hiyo, anayelikimbilia gari Kawangware hushauriwa kupaza sauti na kutaja anachokimbilia, kwa maana akinyamaza atakuta nyuma yake watu watatu wanaokimbia kwa kuwa yeye anakimbia, na wa nne akiuliza kilichoibwa.

Lakini kwa ustadi hakuna umati unaoufikia ule wa ndani ya matatu, yaani gari la abiria, la namba 46 liendalo Kawangware. Sheria zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo wananchi walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ziliruhusu gari dogo libebe abiria 14, kila mmoja na mkanda wake. Makanga, yaani utingo anayekusanya nauli, alizielewa vizuri, akabuni sambaza, ule ubao unaolazwa baina ya viti viwili ili abiria wa kumi na tano akae pasipo kiti na pasipo kuhesabiwa. Aliyeketi hapo hulipa nauli sawa na wenzake, na kila anayeshuka humwinua.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba gari hilo hilo, ambalo njiani halikatai mtu, likiwa stejini, yaani kituoni, huazima umati wa bandia. Vijana wa stejini hulipwa kidogo ili wakae ndani, watazame nje kwa subira ya msafiri wa kweli, huku mpiga debe, ambaye kazi yake ni kuita abiria, akinadi: "Bado mmoja! Bado mmoja tu!" Abiria aliyechoka huingia kwa haraka, na mara tu anapokaa, wenzake huteremka mmoja baada ya mwingine, wengine wakimtakia safari njema, naye akabaki na dereva na redio.

Msomaji atakayeona gari limejaa isipokuwa nafasi moja na asiyaamini macho yake, bali achungulie mapajani mwa waliokaa: abiria wa jioni wa Kawangware hakosi kupakata mzigo, walau sukumawiki ndani ya mfuko, na gari ambalo watu wote mikono yao ni mitupu litaondoka baada ya saa nzima.