Fundi Hasikiki, Hajafanya Kazi

Ukitaka kujua uzoefu wa fundi huku mtaani Umoja, tazama anachobeba. Wetu alikuja na msumeno wa mbao. Kazi ilikuwa kuziba roshani kwa bodi za simiti, zile za futi 8 kwa 4, ili mpwa wangu aache kulala kwenye kochi.

"Hii ni plaiwudi tu ya kijivu," fundi akasema.

Bodi hiyo ni simiti, mchanga na nyuzi za mbao, na huyala meno ya msumeno. Kabla haujafika katikati, msumeno ukawa butu hata mtoto angeuchezea. Fundi akamlaumu aliyemuuzia.

Shemeji, mwenye suluhisho la kila jambo isipokuwa kodi ya nyumba yake, akaazima grainda yenye diski ya almasi. Ikakata kweli. Lakini ilikuwa Jumamosi, kamba zote zimejaa nguo, na majengo yetu yamebanana. Punde mama wa ghorofa ya chini akapanda na sare ya shule mkononi, nyeupe kwa vumbi.

"Baba, Jumatatu mtoto ataivaa hii?"

"Ni vumbi tu, mama, kung'uta," akajibu shemeji, nyusi na kope zimempa umri wa babu yake.

Mama akashuka kimya. Dakika mbili baadaye stima ikapotea, kwetu peke yetu. Sikuuliza.

Vumbi lile lina silika, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja mwaka 1997 kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Kulikung'uta ni kulirudisha puani, na barakoa ya kitambaa hailizuii.

Kilichomaliza kazi ni kisu chenye ncha ya kabaidi na rula ya chuma. Unachora mstari upande laini, unarudia mara kadhaa, unalaza bodi ukingoni mwa meza, unabonyeza: tak! Kingo unalainisha kwa tupa. Tundu la soketi ndilo linalotaka jigso, kwa mwendo wa polepole, nje.

Fundi hakufurahi. "Sasa mteja atajuaje nimefanya kazi?"

Kwa nyumba za kupanga, mimi nachagua kisu. Ila kama bodi yako imetoka kwenye paa kuukuu, usiiguse kwa chombo chochote. Huenda ni asbesto, iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2006. Hiyo waulize NEMA, mamlaka ya mazingira, si shemeji.